Pumzi Tatu za Mtafunaji

Asubuhi ile shimo lilipumua mara tatu, likanyamaza.

Kemilembe alikuwa amepiga magoti kwenye tope, sikio kalibana kwenye mdomo wa bomba la hewa la shimo, na mwanawe kamfunga mgongoni kwa kanga mbili, maana baridi ya masika haikuwa na huruma. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ukakaa humo, kama mgeni aliyekuja matangani na asiyesema anaondoka lini. Hakuna jogoo aliyewika. Kemilembe akasubiri. Ikaja pumzi moja, fupi, kama ya mtu anayevuta hewa kwa kamba kutoka kisimani. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Kisha kimya, kimya kirefu hata akajikuta naye amezuia pumzi zake mwenyewe, anaomba kimoyomoyo: haya basi, haya mama, vuta.

Shimo likavuta.

Mgongoni mtoto alikuwa ameacha kuchezea nywele za mama yake. Kemilembe alimsikia kwa mbavu, maana mama humsikia wa mgongoni kwa mbavu kuliko kwa masikio. Mtoto alivuta pumzi tatu, akatulia. Shimo lilipoanza tena, naye akaanza.

Kemilembe alijitoa kwenye lile bomba kama aliyeungua.

Si kwamba shimo kupumua lilikuwa jambo la ajabu. Mashimo yote ya Rwamashenye yalipumua. Tangu kuni ziwe hadithi za kuwasimulia watoto, kijiji kile kilipika, kikaota moto na kuwasha taa kwa gesi ya migomba. Mgomba ukishazaa hukatwa, kwa kuwa hauzai mara mbili, na shina lake ambalo zamani liliachwa lioze sasa hupelekwa shimoni. Lakini shina bichi halitiwi moja kwa moja kwenye tangi la gesi. Wale wadudu wa gesi, wadogo wasioonekana kwa macho, hawana meno. Sukari wanayoitaka imefungwa ndani ya nyuzi, na nyuzi zimeshikwa na gundi ileile inayoufanya mti uwe mti. Wangekaa nalo mwaka mzima wakililambalamba. Kwa hiyo shina hukatwakatwa, hupondwa, kisha hulazwa shimoni pamoja na kuvu iliyotengenezwa maabara kwa kazi moja tu, kuila ile gundi na kuiacha sukari wazi.

Kina mama walipoelezwa hayo mara ya kwanza walicheka. Wakasema, kumbe ni bibi anayemtafunia mjukuu ndizi kabla hajaota meno. Jina likabaki hapo. Kuvu ikaitwa Mtafunaji, na tangi likaitwa Tumbo. Mtafunaji anatafuna, Tumbo linakula, kijiji kinaota moto.

Ila Mtafunaji alikuwa na sifa ambayo kuvu ya kwenye mkate mkavu haina. Alikuwa anakumbuka. Waliomtengeneza walimpa kumbukumbu ili kila akila kitu kigeni ajifunze umbile lake, na safari nyingine amwage vimeng'enya vinavyokifaa bila kupapasapapasa. Mlishe mabua ya mahindi leo, kesho anayajua kama jina lake. Na kumbukumbu hiyo haikupotea, kwa sababu kabla ya kulichemsha shimo lazima uchote bakuli la chachu ya kuanzishia shimo linalofuata, vilevile wafanyavyo wapishi wa rubisi, pombe ya ndizi. Kulichemsha nako ni lazima. Mtafunaji akiingia Tumboni akiwa hai, sukari yote ataila yeye, na gesi utaisikia kwa jirani.

Katika kozi ya jioni ambako Kemilembe alifuzu uangalizi wa mashimo, mtu mmoja aliwahi kumuuliza mwalimu kama Mtafunaji huumia anapomwagiwa maji ya moto. Mwalimu alijibu kwamba Mtafunaji hana roho, ana kumbukumbu tu. Darasa zima liliridhika. Kemilembe naye aliridhika. Wakati ule alikuwa hajazaa.

*

Bwana Kyaruzi alifika wakati jua limeshapanda mahali fulani juu ya mawingu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ushirika wa gesi, mtu mnene wa buti za mpira na maneno mengi. Kijiji kilimpenda kwa sababu hakuwahi kumfokea mtu; alikutania mpaka ukaona haya mwenyewe. Alimkuta Kemilembe ameketi ukingoni mwa shimo, na pipa la maji ya kuchemshia liko baridi vilevile.

"Mke wa Mutashobya," alisema, "sisi tulidhani umeolewa na yule kijana aliyeko Mwanza. Kumbe umeolewa na shimo."

Kemilembe alimwamkia kwa adabu, akatabasamu kidogo. Kyaruzi akasema koki ya hewa ameshaibadilisha, bomba ameshalizibua, na kama ule mlio bado upo basi ni viputo, kwani kila kinachochacha hucheua. Kisha utani ukamwishia. Alieleza kwamba geji ya Tumbo imeshuka mpaka kwenye wekundu. Shimo hili ndilo peke yake lililoiva, na lilipaswa kuchemshwa juzi. Gesi iliyobaki itafika jioni, kuvuka haitavuka. Na pale zahanati, akaanza kusema.

"Najua," alisema Kemilembe.

Alijua. Kwenye chumba cha joto cha zahanati alikuwamo mtoto wa Adventina, aliyezaliwa kabla ya wakati wake, kichanga ambacho ungekilaza kwenye ungo ukabaki na nafasi ya kupepeta mtama. Chumba kile kilipashwa moto kwa gesi. Vioo vya jua vilivyokuwa paani havijaliona jua tangu mvua zianze.

Kyaruzi alichungulia kwenye kidirisha cha shimo, akapiga mluzi. Hajapata kuona mashina yaliyotafunwa vizuri hivi, alisema, laini kama uji wa mgonjwa. Alitaka kujua humu kulitiwa nini. Kemilembe akajibu kwamba ni migomba ya kwao, ya nyuma ya nyumba, na mmoja wao ulikuwa mkubwa kuliko yote. Basi achote mabakuli mawili ya chachu, Kyaruzi akaagiza, moja la kijiji na moja la kupelekwa Bukoba kwa mafundi, ili wazao wa Mtafunaji huyu wasambazwe kila kijiji chenye mashimo, kuanzia hapa hadi mpakani.

Kemilembe akaviona vijiji vyote vile, asubuhi ya ukungu, na kila shimo linavuta pumzi tatu na kunyamaza.

"Nipe mpaka adhuhuri," alisema.

"Adhuhuri, mwanangu. Tumbo halina subira, na mtoto wa mwenzio naye hana."

Hakumwambia alichokuwa anakijua. Angemwambiaje? Kwamba pumzi zile anazifahamu kama anavyofahamu mlio wa mlango wa kwao?

Masika yaliyopita alijifungua pacha, wasichana wawili, na wote walilazwa katika chumba kilekile cha joto. Aliyetangulia alikuwa mdogo, na alikuwa msahaulifu. Ndivyo nesi Felisia alivyomwita, kwa upole: huyu wetu ni msahaulifu. Alivuta pumzi tatu, akasahau kupumua, mpaka umtekenye unyayo ndipo akumbuke. Kemilembe aliishi na kidole chake kwenye unyayo ule. Tatu, anatekenya. Tatu, anatekenya. Mchana mmoja alitekenya, akatekenya, akatekenya, na mtoto hakukumbuka.

Wazee wa kike wa ukoo walimchukua, wamemfunika kwa jani la mgomba. Katika ukoo ule mtoto anayekufa kabla ya kupewa jina haliliwi kwa sauti. Wazee hao humlaza chini ya mgomba, humo humo kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, na mama haambiwi ni upi. Akiujua, wanasema, atakwenda kuketi hapo kila siku hata tumbo lake la uzazi limfuate mtoto. Kwa hiyo haliwekwi jiwe, halipandwi ua. Wao peke yao ndio wanaojua, na msimu wa kukata ukifika wao ndio husema, kama kwa bahati tu, huo uacheni.

Kemilembe hakuuliza. Alimnyonyesha aliyebaki. Na yule aliyebaki, ambaye kwa watu wa huko jina lake lilikwisha kuja naye, Nyakato, pacha wa kike afuataye, mama mkwe alishauri aitwe Kokuhirwa, jina la baraka, kama mtoto aliyekuja peke yake. Nyumba nzima ikamwita Koku. Hakuna aliyesema ni kwa nini.

*

Alimkuta mama mkwe wake, Ma Kokwijuka, nyuma ya jiko, anapuliza moto wa majani makavu chini ya mafiga matatu. Moshi ulikuwa umemfanya macho yawe mekundu. Wiki kadhaa sasa bibi huyu alikuwa haonji kitu kilichopikwa kwa gesi, hata chai. Alidai inambana kifua. Majirani walimcheka, wakasema Ma Kokwijuka amerudi enzi za moshi, bado kuvaa gome la mti.

Kemilembe mwenyewe alikuwa amecheka nao. Leo aliyatazama yale mafiga, na kicheko kile kikamrudi kooni kama chakula kibovu.

Alipiga magoti, akamwamkia. Kisha akamuuliza ile wiki ya kukata migomba, mama alikuwa wapi.

Ma Kokwijuka hakuinua uso. Alisema alikuwa kwenye msiba wa kaka yake, Kemilembe anajua, yeye ndiye aliyemfungia mzigo.

"Na uliporudi?"

Bibi alipuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

"Niliporudi," alisema, "niliona mwanga mahali pasipokuwa na mwanga."

Mtoto akacheua mgongoni. Kemilembe aliikumbuka siku ile sawasawa. Shimo lilikuwa linadai mashina. Mzee wa kusema huo uacheni hakuwapo nyumbani. Kemilembe mwenyewe alipita na panga lake akauchagua mgomba mnene kuliko wote, uliobeba mkungu mkubwa na usiinamie upande wowote. Aliusifu kabla ya kuukata. Alisema kwa sauti, mgomba haushindwi na mkunguwe, akacheka peke yake, akapiga panga.

Alimuuliza mama mkwe kwa nini hakumwambia. Bibi akajibu kwamba mila ilitaka asijue, na yeye alijisemea, asiyejua hajatenda kitu. Alidhani ule mzigo ataubeba mwenyewe hadi mwisho wa njia. Lakini hakujua ni shimo lipi linalopikia chai ya siku ipi, akaona heri aache yote.

"Nilimshika kwa mikono hii, Kemi," alisema. "Nisingeweza kuchemsha chai kwa moto wake."

Walitoka pamoja wakaenda kibanjani. Kisiki kilikuwa kimekatwa sawa kama meza, na kando yake chipukizi limesimama, urefu wa goti, jani lake la kwanza bado limejiviringa. Kemilembe alitaka kuketi pale. Ndipo alipoelewa kwa nini mama hafichuliwi mahali, maana miguu yake ilikuwa tayari inakunjika.

"La," alisema Ma Kokwijuka, akamshika kwapani. "Twende huko anakopumua."

*

Bibi alivua kitambaa cha kichwani kabla ya kuweka sikio kwenye bomba. Kemilembe alisimama akamtazama uso. Aliona pumzi ya kwanza inavyopita usoni mwa mama mkwe wake, ikapita ya pili, ya tatu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Katika ule ukimya uliofuata hata matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye majani yalisita, au ilionekana hivyo.

Ukimya ukazidi. Ukapita kiasi. Kemilembe, bila kufikiri, akanyoosha mkono na kulitekenya lile bomba kwa ukucha wa kidole kimoja.

Shimo likavuta pumzi papo hapo.

Ma Kokwijuka aliliachia bomba, akaketi chini topeni na gauni lake safi. Alisema neno la kilugha, neno la kumpokea mtu aliyetoka mbali.

Wakaketi hivyo, mama na mama mkwe na mtoto katikati yao, na Kemilembe akayasema yote yaliyokuwa kifuani mwake. Akilichemsha shimo hili, atamzima mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, ilhali mara ya kwanza alizimwa na Mungu. Asipolichemsha, jioni Adventina ataona moto wa chumba cha joto unazimika, naye atakuwa na kidole chake kwenye unyayo. Na anaujua unyayo huo. Anaujua unavyopoa.

Ma Kokwijuka alisikiliza. Aliuliza kitu kimoja tu, kama huyu aliye shimoni ndiye kweli. Kemilembe akasema mwalimu alisema Mtafunaji hana roho, ana kumbukumbu tu.

"Na sisi tulibaki na nini chake?" aliuliza bibi. "Si kumbukumbu tu?"

Ndipo Kemilembe alipolitaja bakuli. Alikuwa ameliwaza tangu alfajiri na hakutaka kulisema. Sheria yenyewe inaruhusu, alieleza haraka haraka. Achote bakuli moja kabla ya kuchemsha. Alilishe maganda kidogo kidogo, alifunike, aliweke chini ya kitanda. Mtoto wa Adventina apate moto wake, na yeye abaki na pumzi. Bakuli moja tu. Nani angedhurika?

Bibi alimwangalia kwa huruma ambayo hakupata kuiona kwake hata siku ya msiba.

"Kumfungia bakulini si kumlea, mwanangu. Utamlisha ili asiondoke. Na siku Kyaruzi akikosa chachu, atalichukua, na huyu atakuwa anaamshwa kila shimo ili achemshwe."

Kemilembe akalia. Alilia kwa sauti, kilio alichokatazwa mwaka mzima, na Ma Kokwijuka hakumnyamazisha. Alimchukua mtoto akambeba mgongoni, akamwacha mama alie. Walipotazama juu, Bwana Kyaruzi alikuwa amesimama njiani na ndoo mkononi, na ilikuwa adhuhuri.

Bibi ndiye aliyemweleza. Hakurefusha, alisema nani alilazwa wapi, nani alikata nini, na kwamba chachu hii haitapelekwa popote. Kyaruzi alivua kofia. Akainamia bomba, safari hii bila neno la viputo, na alipoinuka midomo yake ilikuwa imekauka. Lakini alikuwa mtu wa haki, na haki ina ncha mbili. Alisema pole. Kisha akasema hana budi kuuliza. Chachu hii ingeongeza gesi kila kijiji, na kila kijiji kina chumba cha joto, na katika kila chumba kuna kina Adventina. Je, Kemilembe anajua anawanyima nini?

Swali lile lilimwingia. Halikuwa la ubaya.

"Watume waje wachukue migomba yetu yote iliyokwisha kuzaa," alisema Kemilembe. "Wamfundishe Mtafunaji mwingine kwa hiyo, mimi mwenyewe nitawakatia. Wataona kama ilikuwa ni migomba. Huyu hapana. Huyu apumzike."

Kyaruzi aliitazama ndoo yake, akasema chachu ya shimo lijalo ataiomba kijiji cha pili. Akawasha moto chini ya pipa.

Maji yalipoanza kuimba, Kemilembe alichota bakuli moja la chachu, akampa mama mkwe alishike. Kisha akapiga magoti kwenye bomba kwa mara ya mwisho, ila hakuweka sikio. Aliweka mdomo.

Pacha wa kike atanguliaye jina lake halichaguliwi na mtu. Lilikuwa lipo muda wote, limekaa kama kiti kisichokaliwa, na nyumba nzima ilikuwa ikilizunguka.

"Nyangoma," alisema ndani ya bomba. "Nyangoma wangu. Hukusahau kitu. Umekumbuka vya kutosha."

Shimo lilivuta pumzi tatu. Kemilembe akafungua koki ya maji ya moto.

Hakukuwa na mlio wa kutisha, ambao ndio alikuwa anauogopa. Mvuke ulipanda kupitia bombani, mweupe, wenye harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, ukachanganyika na ukungu hata usijue kipi ni kipi. Koku alinyoosha mkono mgongoni kwa bibi yake, akaushika ule mvuke, akafungua kiganja kuangalia amepata nini.

Lile bakuli walilipeleka kibanjani. Walichimba kando ya kisiki, chini ya lile chipukizi, wakamimina chachu mle kwenye ardhi baridi, wakafukia kwa mikono. Safari hii mama alikuwapo. Safari hii aliujua mgomba. Ma Kokwijuka hakuuliza wataondoka hapo lini. Alisimama tu kando, kama mtu aliyeamua kwamba mila nayo ina siku zake za kusikiliza.

*

Magharibi ilipoingia Tumbo lilikuwa limepokea uji wote wa shimo lile, na sindano ya geji imetoka kwenye wekundu. Kyaruzi alisema hajapata kuliona Tumbo likifanya kazi haraka namna hiyo. Kemilembe alimfunga mtoto, akajitia mvuani, akaenda zahanati. Hakuitwa na mtu.

Chumba cha joto kilikuwa na dirisha dogo na jiko la ukutani nyuma ya wavu. Adventina aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha kioo, macho yamemwingia ndani, kidole chake cha shahada kimepenya kwenye tundu kikagusa unyayo usiozidi ganda la karanga. Nesi Felisia alikuwa anahangaika na koki ya jiko. Tangu gesi mpya iingie, alinung'unika, moto huu una wazimu, unaruka, unashuka, amempigia Kyaruzi aje auangalie kabla haujazimika kabisa.

Kemilembe aliutazama moto.

Ulipanda, ukashuka kidogo. Ukapanda. Ukapanda. Kisha ukanywea, ukawa mstari wa buluu unaotambaa juu ya chuma, mwembamba kama uzi. Nesi akafyonza, akanyoosha mkono tena. Kemilembe akamwomba auache.

Kwenye kitanda cha kioo mtoto wa Adventina alikuwa amesahau. Kifua chake kilikuwa kimetulia, kimetulia mno. Adventina akakunja kidole kutekenya, na Kemilembe akamshika mkono kwa upole.

"Ngoja kidogo, mwenzangu," alimnong'oneza. "Ngoja tu."

Haikuwa rahisi kungoja. Mvua ilipiga bati. Ule uzi wa buluu ulilala kwenye chuma.

Ukapanda. Na kifua cha mtoto kikapanda nao.

Tatu za moto, tatu za mtoto. Ukashuka, naye akatulia, na safari hii Adventina hakukunja kidole. Alikodoa macho tu, kwenye moto, kwa mtoto, kwenye moto, machozi yakimtoka bila sauti. Ukapanda tena. Nesi Felisia alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pembeni bila kujua ameketi. Alihesabu kwa midomo kama afanyavyo siku zote, kisha akaacha kuhesabu. Gesi ya shimo moja hutosha mpaka mwezi mwingine uandame, alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe; na huyu mtoto, kufikia hapo, atakuwa amejifunza.

"Umefanya nini?" Adventina aliuliza.

Kemilembe alikuwa amemfungua mtoto wake mgongoni na kumpakata, uso wake ukielekea motoni. Mtoto aliutazama ule moto kwa makini, jinsi watoto wanavyomtazama mtu wanayemfahamu ambaye hawajamwona siku nyingi.

"Si mimi," alisema. "Ni dada yake huyu."

Nesi aligeuka. Alikuwa anamfahamu mtoto kwa jina la Koku, kama kijiji kizima. Akauliza huyu hasa anaitwa nani.

"Nyakato," alisema mama yake.

Mle chumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu wa huko anajua kwamba Nyakato hatangulii. Adventina alisogea kwenye kigoda, akatoa nafasi, na Kemilembe akaketi naye bega kwa bega.

Moto ukashuka, ukanywea, ukangoja. Na wao wote wakangoja nao, wakubwa na wadogo, hadi ulipovuta.